Kuinua magari Tabora: nafuu ya gereji, gharama ya barabarani

KILA mwaka mvua zinapokaribia mkoani Tabora, mafundi wa gereji hupata kazi ambayo haimo kwenye kitabu cha mtengenezaji wa gari lolote: kuinua. Mwenye pikapu ya kukodisha huagiza jani moja la springi liongezwe kila upande. Mwenye Noah inayobeba abiria wa vijijini hutaka iwekewe spesa juu ya shokapu. Mwenye Land Rover ya zamani huomba shekeli ndefu zaidi. Wote wanataka kitu kimoja, yaani gari lipite tope la mbuga bila kulaza tumbo, na wote wanataka kwa bei ndogo kuliko seti kamili ya springi na shokapu mpya, ambayo aghalabu huagizwa kutoka Dar es Salaam.

Hesabu yao si ya kijinga. Pikapu iliyokwama siku mbili kwenye udongo mweusi wa Loya au pembezoni mwa Ulyankulu haimwingizii mwenyewe hata senti, na mara nyingi inamtoa fedha za trekta la kuivuta. Mkulima aliyeikodi ili imletee mbolea naye anapoteza siku za kupanda. Kwa hiyo jani la springi lililochomolewa kwenye Fuso chakavu, likapigwa nyundo na kufungwa asubuhi moja, linaonekana kuwa mtaji mzuri.

Hata hivyo, kuna swali ambalo halijibiwi gerejini. Gari hilo likishatoka kwenye tope litapanda lami, limebeba, na dereva atataka kwenda kilomita 100 kwa saa kama wenzake. Litakwenda vipi?

Njia ya zamani, lami mpya

Barabara inayozungumziwa hapa ina umri mkubwa. Ndiyo njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikakatiza pori kavu la Mgunda Mkali na kuingia Unyanyembe, kabla ya kuendelea magharibi hadi Ujiji. Richard Burton na John Speke walitumia zaidi ya miezi minne kutoka pwani hadi Kazeh, ambayo ni Tabora ya leo, walikofika Novemba 1857. Vituo walivyopita, kama Tura na Kigwa, bado vipo kwenye ramani ya Wilaya ya Uyui. Pagazi alibeba mzigo wa kilo 30 hivi, na akikuta bonde limejaa maji alizunguka. Njia yenyewe ilikuwa kijia tu, kilichohama kila msimu kufuata ardhi kavu. Reli ya Kati ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, mzigo mzito uliondoka mabegani, lakini ukishatoka stesheni mambo yalibaki yaleyale.

Magari yalipoingia, yalirithi vijia hivyo bila uwezo wa kuvihamisha. Ndiyo maana kwa miongo mingi Land Rover, na baadaye Land Cruiser, zilitawala magharibi ya nchi. Zilikuwa zimekaa juu, springi zake zilikuwa ngumu, na karibu kila kipuri kiliweza kutengenezwa kwa nyundo na moto. Mashirika, misheni na vyama vya ushirika vya tumbaku viliziendesha mpaka zikachoka, kisha zikauzwa kwa mnada na kuanza maisha ya pili mikononi mwa watu binafsi.

Kilichobadilika katika miaka ya karibuni ni lami. Julai 2017 Rais John Magufuli alizindua barabara za Tabora–Puge–Nzega na Tabora–Nyahua. Mei 2022 Rais Samia Suluhu Hassan akazindua kipande cha Nyahua hadi Chaya, chenye urefu wa kilomita 85, kilichojengwa kwa mkopo wa Mfuko wa Kuwait. Pori la Mgunda Mkali, ambalo misafara ililihofia kwa ukosefu wa maji, sasa linavukwa kwa saa chache na dereva anayesikiliza redio. Kusini nako lami imepita Sikonge, ikavuka bonde la Koga na kufika Mpanda.

Matokeo yake ni kwamba gari la Tabora limekuwa na maisha mawili kwa siku moja. Asubuhi linatafuta njia kati ya visiki na madimbwi ya kijijini kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa. Mchana liko barabara kuu, likiwa na mzigo uleule, likishindana na mabasi. Zamani gari lililoinuliwa vibaya lilimwadhibu mwenyewe taratibu, kwa kukata jani la springi au kupasua bushi, kwa sababu barabara yenyewe haikuruhusu mwendo. Siku hizi adhabu inakuja kwa kasi.

Kinachoinuka na kisichoinuka

Jambo la kwanza ambalo wamiliki wengi hawaelezwi ni kwamba kuinua springi hakuinui difu. Kwa gari lenye ekseli nzima, kama Land Cruiser ya pikapu au Land Rover Defender, sehemu iliyo chini kuliko zote ni lile bonge la difu katikati ya ekseli. Ekseli inashikiliwa na magurudumu, si na springi. Ukiongeza majani, bodi na chesisi hupanda, lakini difu inabaki palepale, takriban sentimita 23 kutoka ardhini kwa Land Cruiser ya aina hiyo. Kisiki kilichoigonga jana kitaigonga na kesho.

Kitu pekee kinachoinua difu ni tairi lenye kimo kikubwa, na faida yake ni nusu tu ya ongezeko. Mwenye Hilux anayetoka kwenye tairi la 265/70R16, lenye kimo cha milimita 777, na kuweka la 265/75R16 lenye milimita 804, anapata milimita 13 chini ya difu. Ni upana wa kidole. Tena dashibodi itaanza kumdanganya: ikisema 100, gari linakwenda zaidi ya 103.

Hii haina maana kwamba kuinua springi ni bure. Bodi ikipanda, pembe ya mbele na ya nyuma inaongezeka, hivyo gari linaweza kushuka kwenye korongo la mto mkavu na kupanda ng'ambo bila kukwaruza bampa. Matairi makubwa yanapata nafasi ya kuzunguka. Tangi la dizeli na bomba la moshi vinakaa mbali na ukingo wa makorongo ya malori. Kwa Noah, ambayo tumbo lake liko sentimita 15 hadi 17 tu kutoka ardhini na magurudumu yake ya mbele yanajitegemea, kila sentimita ya kimo ni faida halisi. Tatizo liko kwenye namna kimo hicho kinavyopatikana.

Zipo njia nne za bei rahisi. Ya kwanza ni kuongeza jani. Ndiyo salama kuliko nyingine endapo jani limechaguliwa kulingana na pakiti iliyopo, urefu na mkunjo wake vikaendana na ya jirani zake. Jani fupi nene la lori likiwekwa chini ya majani membamba, pakiti yote inajikunja mahali pamoja, pale jani hilo linapoishia, na hapo ndipo inapokatika. Vibaya zaidi ni jani lililopashwa moto wa gesi ili kuongezwa mkunjo. Chuma cha springi hupata uimara wake kwa kuchomwa na kupozwa kiwandani kwa utaratibu maalumu. Moto wa gerejini unaufuta, na jani linabaki chuma cha kawaida chenye umbo la springi.

Njia ya pili ni shekeli ndefu. Hapa nako kuna hesabu ya nusu: shekeli iliyoongezwa sentimita 5 inainua gari sentimita mbili na nusu, kwa sababu iko upande mmoja tu wa springi. Lakini inazungusha ekseli. Kwa Land Cruiser za zamani zenye springi za majani mbele, ambazo shekeli yake iko mbele ya ekseli, mzunguko huo unapunguza ule mwinamo unaolifanya gurudumu lirudi lenyewe katikati baada ya kona. Dereva anasema usukani umekuwa mwepesi. Ukweli ni kwamba gari limeanza kutangatanga, jambo ambalo halionekani kwenye tope bali kwenye lami, upepo wa lori unapolipiga ubavuni.

Ya tatu ni bloku la chuma kati ya ekseli na springi ya nyuma. Likiwa la kipande kimoja, lenye pini ya katikati na yubolti mpya za urefu unaofaa, linaweza kufanya kazi miaka mingi. Likiwa vipande viwili vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, au gogo la mti mgumu, ekseli inapata mkono mrefu wa kuipindua springi kila dereva anapofunga breki au kukanyaga mafuta. Mbele halifai kuwekwa kabisa. Na yubolti zilizokwishatumika zimevutika, hivyo kuzirudisha ni kuokoa fedha ndogo na kuweka rehani gari zima.

Njia ya nne ni spesa, yaani kipande cha mpira, plastiki au alumini kinachowekwa juu ya springi ya koili. Hapa makosa yanatokana na kufananisha magari yasiyofanana. Kwenye Noah, spesa ya sentimita 3 juu ya shokapu ya mbele inainua gari karibu sentimita 3. Kwenye Hilux za tangu mwaka 2005, zenye mikono miwili kila upande mbele, springi iko karibu na katikati ya mkono, hivyo spesa ya sentimita mbili na nusu inainua gari karibu sentimita 5. Fundi akiweka ya sentimita 5 kwa mazoea, anapata karibu sentimita 10, na shafti za mbele zinafanya kazi kwa pembe ambayo hazikuundiwa. Buti zake hupasuka, mchanga unaingia, na kazi ya asubuhi moja inazaa ununuzi wa shafti nzima.

Valvu ambayo haizungumzwi

Katika yote hayo, kuna kifaa kimoja kidogo kinachostahili kuangaliwa kwa makini kuliko vingine, kwa sababu makosa yake hayapigi kelele. Nyuma ya pikapu nyingi za Toyota kuna valvu ya breki yenye mkono mwembamba wa chuma uliounganishwa na ekseli. Kazi yake ni kupima mzigo. Gari likibeba, bodi inashuka, mkono unasogea, na valvu inaruhusu nguvu zaidi ya breki iende kwenye magurudumu ya nyuma. Gari likiwa tupu, valvu inapunguza nguvu hiyo ili magurudumu ya nyuma yasijifunge na kuteleza.

Sasa fundi ameinua bodi kwa sentimita 5 na kuuacha mkono ulivyo. Valvu inasoma kwamba gari ni tupu, hata kama nyuma kuna madumu ya asali ya uzito wa tani nzima. Breki za nyuma zinabanwa nguvu, za mbele zinabeba kazi ambayo si yao. Kijijini dereva hataona lolote, kwani mwendo ni mdogo. Ataligundua siku ng'ombe watakapovuka lami karibu na Kigwa, wakati gari halisimami pale alipozoea lisimame.

Dawa yake ni kipande cha bati nene kilichotobolewa, cha kupandisha au kushusha mshikio wa mkono huo kwa kiasi kilekile gari lilichoinuliwa. Ni kazi ya nusu saa. Hozi za breki nazo zinatakiwa kuangaliwa ekseli ikiwa inaning'inia kwenye jeki. Ikiwa hozi imenyooka kama kamba ya kuanikia nguo, gurudumu likiingia shimoni itachomoka au kupasuka. Taa za mbele zishushwe pia, maana gari likiinuliwa mbele linamulika macho ya wanaokuja.

Suala la kupinduka linajulikana na kila mtu, ila ukubwa wake hauhesabiwi. Chukua gari lenye upana wa milimita 1,450 kati ya matairi, na kitovu cha uzito kilicho milimita 750 juu ya ardhi. Wahandisi hugawa nusu ya upana kwa kimo hicho na kupata 0.97. Kitovu kikipanda milimita 75, inakuwa 0.88. Gari limepoteza karibu sehemu moja ya kumi ya uwezo wake wa kubaki wima kwenye kona, kabla hata mtu hajafunga magunia na baiskeli juu ya keria. Na keria ndipo mizigo ya Tabora inapokaa.

Nani anafaidika

Ili kuona kama nafuu ya gereji ni nafuu kweli, weka namba za mfano. Tuseme pikapu inamwachia mwenyewe shilingi 120,000 kwa siku baada ya dizeli. Kuinua kwa njia rahisi kumemgharimu shilingi 350,000. Masika yaliyopita alikwama siku sita, msimu huu amekwama tatu. Ameokoa siku tatu, yaani 360,000, na anaona kazi imejilipa kwa msimu mmoja.

Lakini hakupima alaimenti. Matairi yake manne, ya jumla ya shilingi 1,600,000, ambayo yangekwenda kilomita 40,000, yanakwisha upande wa ndani kwenye kilomita 28,000. Gharama ya tairi kwa kila kilomita imepanda kutoka shilingi 40 hadi 57. Akitembea kilomita 25,000 kwa mwaka, amepoteza takriban shilingi 430,000, bila kuhesabu krosi za propela wala bushi. Katika mwaka wa kwanza yuko chini kwa zaidi ya shilingi 400,000, na mwaka wa pili bado yuko chini kidogo. Alichohitaji kuongeza ili hesabu igeuke ni malipo ya kupima alaimenti mara moja baada ya kazi, ambayo ni sehemu ndogo sana ya hasara hiyo.

Kuna hoja nyingine ambayo ni ya kalenda zaidi kuliko ya spana. Mvua za Tabora ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili. Biashara kubwa za mkoa huu hazifanyiki wakati huo. Masoko ya tumbaku hushika kasi kiangazi, mashamba ya Urambo, Kaliua na Sikonge yakiwa makavu. Mpunga wa mbugani huvunwa maji yakishapungua. Warina asali wanaoingia misitu ya miombo katikati ya mwaka hawakutani na tope. Wanakutana na visiki, na kisiki hakijali kimo cha bodi, kinatoboa ubavu wa tairi. Mwenye gari la asali angepata faida zaidi kwa kununua matairi yenye ubavu mgumu na gurudumu la akiba la pili kuliko kwa kuinua.

Wanaohitaji gari la juu kwelikweli ni wale wa masika: wasambazaji wa mbegu na mbolea, magari ya zahanati, wanunuzi wa mifugo, na abiria wanaotoka vijiji ambavyo baiskeli na bodaboda zimeshindwa. Hao ndio wenye kipato kidogo zaidi kwa safari moja, na ndio wanaokwenda kwa fundi wa bei ya chini. Abiria wa mchomoko hana namna ya kujua kama spesa iliyo juu ya kichwa cha shokapu ni ya alumini iliyochongwa au vipande vya tairi kuukuu.

Sheria haijanyamaza. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inawapa polisi uwezo wa kukagua gari na kulizuia likiwa bovu, na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, ndiyo inayotoa leseni kwa magari ya abiria. Ugumu ni kwamba ukaguzi wa barabarani hutazama zaidi taa, matairi, vioo na stika. Mizani ya barabara kuu nayo haiyahusu magari haya, kwa sababu sheria ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito, ambayo Tanzania ilianza kuitumia Machi 2019, inalenga magari ya kuanzia tani 3.5. Pikapu iliyoongezwa majani ili ibebe mara moja na nusu ya kiwango chake inapita pembeni. Upande wa bima, mkataba unajengwa juu ya ukweli wa mwenye gari. Aliyekata bima kubwa kwa gari la kawaida kisha akalibadilisha bila kutoa taarifa anampa mwenye kampuni hoja siku ya madai.

Kalavati au springi

Ukitazama kwa jicho la uchumi, kuinua gari ni kodi ambayo mtu binafsi anajitoza kwa ajili ya kalavati lisilokuwepo. Magari kumi yanayotumia kivuko kimoja kibovu yanapoinuliwa, fedha zimetoka mara kumi, na mwenye trekta la kuvuta bado anapata wateja. Fedha hizohizo zisingetosha kujenga daraja, ni kweli. Lakini wamiliki hao wanalipa pia kwa njia nyingine. Katika mwaka wa fedha 2021/22 Serikali iliongeza tozo ya shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara za vijijini, zinazosimamiwa na TARURA, wakala ulioanzishwa mwaka 2017. Gari lililoinuliwa, lenye matairi makubwa na linalokata upepo zaidi, linakunywa mafuta zaidi, kwa hiyo linachangia tozo hiyo zaidi kuliko lile linalopita kwenye barabara nzuri. Wa mwisho kufikiwa na greda ndiye anayelipa vizuri.

Jambo la kutia moyo limeonekana mwisho wa njia hiyohiyo ya misafara, mkoani Kigoma, ambako TARURA imejenga madaraja ya mawe kwa kutumia mawe ya hapohapo na mafundi wa vijijini, kwa gharama ndogo kuliko ya zege na nondo. Tabora ina vilima vya mawe katika maeneo mengi, ingawa mbuga zenyewe, kunakohitajika madaraja, ziko mbali navyo. Barabara kama ya Ipole kwenda Rungwa, ndefu na yenye vivuko vingi, inaonyesha ukubwa wa kazi. Hakuna bajeti ya mwaka mmoja itakayoimaliza, na mwenye pikapu hawezi kusubiri.

Kwa hiyo magari yataendelea kuinuliwa. Mwenye fedha kidogo angefanya vizuri kuanza na visivyoonekana: bushi mpya, springi za awali zilizolegea zibadilishwe kwa nyingine za kipimo chake, na matairi membamba marefu yenye meno. Gari kuukuu mara nyingi limeshuka sentimita mbili au tatu kwa uchovu, na kurudisha kimo chake cha kiwandani ni kuinua bila madhara. Anayetaka kuzidi hapo abaki ndani ya sentimita 5, anunue shokapu ndefu zinazolingana na kimo kipya, na amwambie fundi mapema kwamba hatalipa mpaka amwonyeshe hozi za breki ekseli ikiwa inaning'inia, mkono wa valvu ukiwa umerekebishwa, na karatasi ya alaimenti.

Yubolti zikazwe tena baada ya kilomita 500 hivi, kwa kuwa majani mapya hujipanga na nati hulegea. Umbali huo haufiki hata safari moja ya Mpanda na kurudi, na pikapu nyingi huumaliza katika wiki ya kwanza, zikiwa zimebeba, kabla mtu hajaingia chini na spana.